Ramani Imetoka Kabatini: Mwongozo kwa Mtaalamu wa GIS

Mjumbe wa shina jijini Dar es Salaam analijua eneo lake bila kutazama karatasi. Anajua nyumba ya mwisho ni ipi, mfereji gani hufurika masika yakianza, na kichochoro kipi gari la zimamoto haliwezi kupenya. Kwa miaka mingi ujuzi huo ulikaa kichwani mwake, kwa kuwa ramani za kawaida za jiji ziliishia kwenye kata na mtaa, hazikushuka hadi kwenye shina.

Mradi wa Ramani Huria ulipoanza mwaka 2015, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliingia mitaani pamoja na wakazi. Walibeba simu, vipokezi vya GPS na karatasi zilizochapwa picha za angani. Walichora nyumba, barabara na mifereji, wakaviingiza kwenye OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo mtu yeyote anaweza kuifungua na kuihariri kwenye kivinjari. Baadaye wajumbe wenyewe walikaa na wachoraji, wakawaonyesha mipaka ya mashina yao. Ujuzi wa mjumbe ukawa tabaka la ramani, na anayepanga jinsi ya kuokoa watu bonde la Msimbazi likijaa maji akaweza kulipakua bila kuandika barua ya maombi.

Kazi ya GIS imebadilika kwa namna hiyo hiyo kila mahali. Kuchora kumekuwa kazi ya wengi. Kuhakikisha kwamba kilichochorwa ni kweli, kimekaa mahali pake na kinaruhusiwa kutumika, kumebaki mikononi mwa mtaalamu. Mwongozo huu ni wake: mpima ardhi, mpangamiji, afisa GIS wa halmashauri, mtafiti wa misitu, na kijana aliyemaliza chuo anayejiuliza ajifunze nini kwanza.

Ilivyokuwa hadi kufika hapa

Ofisi ya ramani ya zamani ilikuwa na kompyuta moja yenye programu ya bei kubwa, plota ukutani, na kabati la droo pana zilizojaa karatasi. Aliyetaka ramani alikuja ofisini. Aliyetaka marekebisho alirudi tena.

Mabadiliko yalikuja kwa mfululizo. Mwaka 2004, Steve Coast alianzisha OpenStreetMap nchini Uingereza. Februari 2005 ikaja Google Maps. Mwaka 2008 Marekani ilifungua hazina yote ya picha za setilaiti za Landsat bila malipo, na mwaka huo huo Wakenya walianzisha Ushahidi, jukwaa la mtandaoni la kuweka kwenye ramani taarifa za ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Mwaka 2009, vijana 13 wa Kibera, Nairobi, walianza kuchora mtaa wao, ambao kwenye ramani nyingi ulionekana kama eneo tupu. Tetemeko la Haiti la Januari 2010 likaonyesha kwamba watu waliotawanyika duniani wanaweza kuchora barabara za mji mzima kwa siku chache, na waokoaji wakazitumia.

Upande wa utafiti, mfano mkubwa ni ramani ya misitu ya dunia ya Chuo Kikuu cha Maryland, iliyochapishwa mwaka 2013. Watafiti walichakata picha zaidi ya 650,000 za Landsat kupitia Google Earth Engine. Kompyuta moja ingehitaji miaka kuimaliza kazi hiyo. Seva nyingi zikifanya kazi kwa pamoja, zilitumia siku kadhaa tu.

Hata kampuni kongwe zimehamia mtandaoni. Esri, iliyoanzishwa mwaka 1969 huko California, ilileta ArcGIS Online mwaka 2012, kisha ikatangaza kwamba msaada kwa ArcMap, programu iliyofundisha kizazi kizima cha wataalamu wa Afrika Mashariki, ungekoma Machi 2026. Ofisi ambayo bado imefungia kazi zake zote ndani ya ArcMap ianze kuhamisha faili zake sasa.

Gawa kazi kabla ya kuchagua programu

Kosa la kwanza la ofisi nyingi ni kuuliza, "Tununue programu gani?" kabla ya kujua nani atakayeifungua ramani, kwa kifaa gani, ili aamue jambo gani. Diwani anayetaka kuona zahanati zilizo mbali na barabara hahitaji kitu kile kile anachohitaji mhandisi wa maji. Andika swali la mtumiaji kwa sentensi moja, kisha igawe kazi katika sehemu nne.

Ya kwanza ni kukusanya. Kwa madodoso yenye koodineti, ODK na KoboToolbox zinafanya kazi kwenye simu ya kawaida, hata pasipo mtandao, na kutuma data simu ikipata mawasiliano. Kwa anayehitaji kuchora mistari na maeneo akiwa shambani, QField inaifungua kwenye simu kazi iliyoandaliwa ndani ya QGIS. Ukubwa wa kazi usikutishe: sensa ya Tanzania ya Agosti 2022, iliyohesabu watu 61,741,120, ilifanywa kwa vishikwambi.

Ya pili ni kuhifadhi. Faili zilizotawanyika kwenye flashi za watumishi watano ni chanzo cha matoleo matano ya ukweli mmoja. Weka kanzidata moja. PostGIS, ambayo ni ya bure, inaruhusu watu wengi kusoma na kuhariri tabaka moja kwa wakati mmoja, kila mmoja kwa ruhusa aliyopewa. Shapefile, iliyozoeleka tangu miaka ya 1990, ina mipaka inayoumiza: jina la safu haliwezi kuzidi herufi 10. "Idadi_ya_watu" na "idadi_ya_wagonjwa" yote yanakatwa yakawa "idadi_ya_w", na mwezi mmoja baadaye hakuna anayekumbuka ipi ni ipi. GeoPackage inabeba majina marefu na tabaka nyingi ndani ya faili moja.

Ya tatu ni kuchambua. QGIS, iliyoanzishwa na Gary Sherman mwaka 2002, inatosha kwa sehemu kubwa ya kazi za kila siku. Picha za setilaiti zikiwa nyingi au za miaka mingi, peleka uchambuzi kwenye Earth Engine badala ya kupakua picha moja moja na kumaliza bando. Picha za Sentinel-2 ni za bure na kila pikseli ni mita 10. Shamba la ekari kadhaa linaonekana, ila mti mmoja au kibanda hakionekani. Usimwahidi mteja kisichokuwemo kwenye picha.

Ya nne ni kuonyesha. Hapa Leaflet, maktaba ya msimbo iliyotolewa mwaka 2011 na Volodymyr Agafonkin wa Ukraine, imesaidia wengi kwa sababu ni nyepesi: kilobaiti 42 hivi. Mwananchi mwenye simu ya bei nafuu na mtandao dhaifu ataifungua ramani yako. MapLibre, maktaba nyingine, inafaa pale ramani inapohitaji kugeuzwa, kukuzwa kwa ulaini na kubadilishwa rangi papo hapo. Ofisi isiyo na mtu wa kuandika msimbo inaweza kutumia ArcGIS Online au huduma nyingine ya kulipia, mradi gharama ya kila mwaka iwe imeingizwa kwenye bajeti.

Koodineti: mahali kazi nyingi zinapoharibika

Tenga muda mrefu kuliko wote kwa sehemu hii. Ramani ya mtandaoni huonekana nzuri hata ikiwa imekosea, na makosa ya koodineti ndiyo yanayojificha vizuri zaidi.

Ramani za zamani za Kenya, Tanzania na Uganda, zikiwamo zile za kipimo cha 1:50,000, zimejengwa juu ya mfumo uitwao Arc 1960. GPS na ramani za mtandaoni zinatumia WGS 84. Koodineti za Arc 1960 zikisomwa kana kwamba ni za WGS 84, kitu kinahama karibu mita 300, hasa kwa upande wa kaskazini na kusini. Mita 300 zinatosha kuitoa shule upande mmoja wa barabara kuu na kuiweka ng'ambo, au kukitoa kisima ndani ya hifadhi. Kwa maeneo ya Dar es Salaam, Zanzibar, Arusha, Mombasa na Nairobi, namba za kukumbuka ni mbili: EPSG:21037 kwa Arc 1960 na EPSG:32737 kwa WGS 84, zote kwenye kanda ya UTM 37 Kusini. Mwanza iko kanda ya 36. Kabla ya kupandisha tabaka lolote, muulize aliyekupa ni la mfumo gani. Akisema hajui, lipime dhidi ya njia panda au jengo unalolifahamu kwenye picha ya setilaiti.

Kosa la pili ni mpangilio wa namba. GeoJSON, muundo unaotumiwa sana kwenye ramani za mtandaoni, unataka longitudo itangulie, latitudo ifuate. Wengi wetu tulifundishwa shuleni kuanza na latitudo. Dar es Salaam iko latitudo −6.8 na longitudo 39.3. Ukizigeuza, zahanati zako zote zinahamia magharibi mwa Hispania, karibu na mpaka wa Ureno. Ukiona ramani yako imefunguka Ulaya, anza kuchunguza hapo.

La tatu ni kupima eneo juu ya projeksheni ya mtandao. Ramani nyingi za kivinjari hutumia Web Mercator, EPSG:3857, ambayo hukuza vitu kadiri vinavyokuwa mbali na ikweta. Ukikokotoa moja kwa moja kwenye projeksheni hiyo, shamba la hekta 100 karibu na Dar es Salaam litasomeka hekta 101 na zaidi kidogo. Shamba la ukubwa huo huo karibu na London litasomeka zaidi ya hekta 250. Sisi tulio karibu na ikweta tunadanganyika kirahisi kwa sababu kosa letu ni dogo, lakini hekta moja na zaidi ni fidia ya mtu. Pima kwenye UTM, onyesha kwenye Web Mercator.

Mwisho kuna desimali. Simu inaweza kuandika koodineti yenye desimali nane, yaani kipimo cha milimita, ilhali mwenye simu alikuwa amesimama mita tano kutoka hapo. Chini ya anga wazi, usahihi wa simu ya kawaida ni mita tano hivi. Kati ya maghorofa au chini ya miti unazidi kupungua. Kipimo hicho kinatosha kuonyesha kituo cha daladala. Hakitoshi kupanda bikoni. Mpaka wa kiwanja ni kazi ya mpima aliyesajiliwa, kwa vifaa vinavyofika sentimita, na kila ramani ya mtandaoni inayoonyesha viwanja iseme hivyo kwa maneno yanayosomeka.

Data ya mashine ipitiwe na mtu

Mwaka 2021 Google ilitoa Open Buildings, maumbo ya majengo milioni 516 barani Afrika yaliyotambuliwa na kompyuta kutoka kwenye picha za setilaiti. Miaka miwili kabla yake, Microsoft ilikuwa imetoa majengo karibu milioni 18 ya Tanzania na Uganda. Kwa afisa wa halmashauri anayetaka kukadiria kaya kabla ya kampeni ya chanjo, hii ni hazina ambayo kizazi kilichopita hakikuwa nayo.

Ichukue, lakini ipitie. Katika Open Buildings kila umbo limepewa alama ya uhakika. Anza na yenye alama za juu, kisha ya chini uyakague mwenyewe. Mashine huweza kudhani mwamba au zizi ni nyumba, na nyumba ya nyasi iliyo kwenye udongo wa rangi ile ile huweza kuikosa kabisa. Chukua vitongoji vitatu vya aina tofauti, hesabu kwa macho kwenye picha, tuma mtu akahesabu kwa miguu, na uandike tofauti uliyoikuta. Maelezo hayo yaambatane na tabaka kila linapokwenda.

Pale picha ya setilaiti inapokuwa ya zamani au imejaa mawingu, droni inasaidia. Zanzibar ilionyesha njia mwaka 2016 ilipoanza kupiga picha Unguja na Pemba kwa droni, kazi iliyohusisha Kamisheni ya Ardhi na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, huku vijana wa visiwani wakifundishwa kurusha na kuchakata picha. Ujuzi ukabaki nyumbani. Kumbuka tu kwamba droni inataka kibali: Tanzania utakwenda kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, na Kenya kwa KCAA.

Leseni, gharama na bando

Kila tabaka lina mwenyewe. Data ya OpenStreetMap iko chini ya leseni ya ODbL tangu mwaka 2012: itumie hata kwa biashara, mradi utaje chanzo, na ukitoa hadharani kanzidata uliyoijenga juu yake uitoe kwa masharti yale yale. Masharti ya Google Maps hayaruhusu kufuatisha barabara zake ili ujenge ramani yako. Ofisi inayochanganya vyanzo bila kuandika kipi kimetoka wapi itashindwa kujitetea siku ikiulizwa.

"Bure" nayo ina mipaka yake. Mwaka 2018 Google ilibadilisha bei za huduma yake ya ramani na kutaka kila mteja awe na akaunti ya malipo. Tovuti nyingi zilizokuwa zimeitegemea zikalazimika kutafuta njia nyingine. Seva za picha za OpenStreetMap nazo zinaendeshwa kwa michango, na haziruhusu kupakuliwa kwa wingi wala kubebeshwa mfumo wenye watumiaji wengi. Ukitarajia watu maelfu, tengeneza vigae vyako au lipia mtoa huduma.

Vigae ndivyo vinavyokula bando. Ramani ya kivinjari hukatwa vipande vya mraba, na kila ukikuza hatua moja idadi ya vipande huongezeka mara nne. Kwenye hatua ya 18, pikseli moja ni sentimita 60 hivi ardhini. Kama mtumiaji anatafuta kata, usimpelekee maelezo ya paa. Weka kikomo cha kukuza, punguza alama, na andaa toleo la kutumia bila mtandao. Ijaribu ramani yako kwa simu ya bei ya chini, nje ya mji, kabla ya kuizindua.

Nani anaweza kuumizwa na ramani hii?

Crowd2Map Tanzania, iliyoanza mwaka 2015, imewakusanya watu wa kujitolea kuchora vijiji vya Tanzania ambavyo havikuwamo kwenye ramani. Sababu mojawapo ni nzito: mkoani Mara, wanaharakati wanaowakinga wasichana dhidi ya ukeketaji, wakiwamo wa shirika la Hope for Girls and Women linaloongozwa na Rhobi Samwelly, wanahitaji kukifikia kijiji haraka wanapopigiwa simu, mara nyingine usiku. Barabara iliyochorwa na mtu asiyewahi kufika Serengeti inaweza kumfikisha msichana salama.

Ramani hiyo hiyo, ikiwekwa nukta isiyostahili, inaweza kumfikisha anayemsaka. Kwa hiyo, kabla ya kuweka tabaka lolote hadharani, jiulize nani ataliona ambaye hukumkusudia. Nyumba za wagonjwa, makazi ya wanaojificha, mahali pa wanyama wanaowindwa na maeneo ya ibada za siri za jamii hayapaswi kuwa nukta kwenye mtandao. Toa jumla ya kata badala ya nukta ya kaya, au liache tabaka ndani ya ofisi. Sheria nayo inadai hivyo: Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Koodineti ya nyumba ikiunganishwa na jina la mtu ni taarifa binafsi.

Itunze baada ya uzinduzi

Ramani ya karatasi ilizeeka polepole, na tarehe yake ilichapwa pembeni. Ya mtandaoni huonekana mpya kila siku hata kama haijaguswa kwa miaka mitatu. Weka tarehe ya mwisho ya kuhakikiwa kwenye kila tabaka. Taja ofisa anayewajibika, kwa cheo. Fungua njia ya mwananchi kuripoti kosa, na umjibu.

Wajibu huu unazidi kuwa mkubwa kadiri ramani inavyogeuka kuwa dirisha la huduma lenyewe. Kenya ilizindua Ardhisasa Aprili 2021, ikianza na Nairobi, ili miamala ya ardhi ifanyike mtandaoni. Tanzania ina mfumo wa anwani za makazi, NaPA, unaoupa mlango namba na mahali pake kwenye ramani. Poligoni ikikosewa kwenye mifumo ya aina hii, mtu anapoteza haki yake au gari la wagonjwa linapotea njia.

Ujifunze nini kwanza

Anayejua QGIS vizuri aongeze SQL, kwa sababu kanzidata ndiyo moyo wa kazi hii sasa. Baada yake Python, ya kurudia kazi bila kuchoka na kuitumia Earth Engine. Kisha JavaScript kiasi cha kutengeneza ukurasa wa Leaflet na kuurekebisha. Usiache elimu ya upimaji na projeksheni kwa sababu programu inazijua. Programu inafuata namba uliyoichagua wewe. Na jifunze kuandika maelezo ya data kwa Kiswahili kinachoeleweka na mtendaji wa kijiji, maana ndiye atakayeisoma ramani.

Wiki hii, chagua tabaka moja tu la ofisi yako: zahanati, visima au shule. Liulize ni la mfumo gani wa koodineti, limetoka wapi, lilihakikiwa lini na nani anaruhusiwa kuliona. Andika majibu hayo manne ndani ya faili lenyewe. Kisha lichapishe, na umpigie simu mjumbe, mtendaji au mwalimu mkuu wa eneo hilo, umwombe alifungue kwenye simu yake akuambie kilichokosewa.